Kabla Kichwa cha Treni Hakijapanda Lori

Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kililijengea Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki vichwa 34 vya mvuke vya daraja la 59. Vilipewa majina ya milima, na vilistahili: kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252 kikiwa kimejaa maji na mafuta, na kila ekseli yake ya kuvuta ilikandamiza reli kwa tani 21. Sasa tazama upande wa barabara. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inataka lori zima pamoja na mzigo wake lisizidi tani 56, na ekseli moja ya matairi manne isizidi tani 10. Kwa hiyo ekseli moja tu ya kimojawapo cha vichwa hivyo, Mount Gelai, ambacho leo kimesimama katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, ilibeba zaidi ya mara mbili ya kile ambacho lami yetu inaruhusiwa kubebeshwa mahali pamoja.

Naanza na namba kwa sababu wengi wanaotaka kuhamisha vichwa vya zamani huanza na lori. Nia yao ni njema kabisa. Shule inataka kimoja uwanjani, hoteli inataka kimoja getini, wastaafu wa reli wanataka kukiokoa kimoja kabla wauza vyuma chakavu hawajakifikia. Wanakiona kimekaa miaka arobaini kwenye majani bila kutikisika, wanadhani chuma kizito namna ile hakidhuriki. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Kichwa cha treni kiliundwa kisimame juu ya reli mbili zilizolazwa juu ya mataruma na kokoto, vitu vinavyoutawanya uzito wake ardhini. Kiondoe hapo, na kila kilichokuwa nguvu yake kinageuka kuwa tatizo lako: uzito, urefu, ugumu wa fremu, boila iliyokaa juu.

Swali la kwanza, basi, lisiwe lori gani. Liwe: je, kuna reli? Mwaka 2012 Makumbusho ya Taifa ya Reli ya Uingereza yaliazima vichwa viwili vya daraja la A4 kutoka ng'ambo, Dwight D. Eisenhower kilichokuwa Green Bay huko Wisconsin, na Dominion of Canada kilichokuwa karibu na Montreal, ili viungane na ndugu zao wanne katika maadhimisho ya miaka 75 ya rekodi ya kasi ya mmoja wao, Mallard. Safari ndefu ya nchi kavu hadi bandari ya Halifax vilisafiri kwa reli, vikiwa vimepakiwa kama mzigo. Barabara iliachiwa vipande vifupi zaidi. Hao ni watu wenye fedha, wenye mafundi na wenye malori ya kila aina, na bado waliiamini reli kwanza.

Kwetu jambo hili lina ugumu wake. Reli ya zamani ya Kenya, Uganda na Tanzania ina upana wa mita moja, TAZARA ina milimita 1067, reli mpya ya kisasa ina 1435, na mashamba ya mkonge yalitumia vijireli vya milimita 600. Kichwa cha upana mmoja hakitembei juu ya mwingine. Lakini kinaweza kubebwa juu ya behewa tambarare la upana mwingine, mradi kimo na upana wake vinapita chini ya madaraja, na kwa reli mpya ya Tanzania, chini ya nyaya za umeme wa treni. Andika barua, uliza, ngoja jibu. Mwezi mmoja wa kungoja ni bei ndogo. Ikiwa jibu ni hapana, au njia ya tawi ilishang'olewa zamani, ndipo ugeukie barabara.

Ukishaamua barabara, jambo linalotangulia yote ni kuujua uzito halisi, na hapa naomba usimwamini mtu yeyote, hata kitabu. Kitabu cha kiwanda kinakupa uzito wa siku kichwa kilipotoka karakana. Baada ya hapo kilibadilishiwa vipuri, kikaongezewa vyuma, boila ikajaa magadi na tope, na tangi likakusanya maji ya mvua za miongo miwili kupitia kifuniko kilichopotea. Vingine vimeibiwa shaba mpaka vikawa vyepesi kuliko maandishi. Kinyanyue kidogo kwa jeki za haidroli zenye vipimo vya uzito, mbele kisha nyuma, na uandike kila upande umebeba kiasi gani. Kipimo hicho kinakupa mambo mawili kwa pamoja: uzito wote, na mahali kitovu chake kilipo. Hili la pili ndilo linalosahaulika. Kichwa cha mvuke hakina uzito ulio sawa mbele na nyuma. Tanuri la moto liko upande mmoja, silinda upande mwingine, na jicho halikwambii nani amezidi. Tuseme kina tani 60, na jeki zinaonyesha 36 nyuma na 24 mbele. Ukikiweka katikati ya trela kwa kupima urefu kwa futi, umezipa ekseli za nyuma mzigo ambao hazikukusudiwa, na umeyapunguzia matairi ya mbele ya kuongozea uzito yanaouhitaji ili yashike barabara.

Toa maji yote. Yatoe kwenye boila, kwenye matangi, kwenye mabomba. Maji yaliyojaa nusu ni mabaya kuliko yaliyojaa pomoni, kwa kuwa yanakimbia kutoka upande hadi upande kila dereva akigusa breki au akikata kona, na uzito unaotembea ndani ya mzigo hakuna mnyororo unaoufunga.

Niseme pia juu ya vile vidogo, kwa sababu huko ndiko dharau ilikozidi. Kichwa cha shamba la mkonge cha milimita 600 kinaweza kuwa na tani kumi hivi, na mtu anaona tani kumi si kitu, lori la kawaida la mchanga linabeba zaidi. Lakini mchanga unalala chini na kutanuka. Kichwa hiki kinasimama juu ya magurudumu yaliyobanana, mwili wake ni mpana mara mbili au tatu ya nafasi kati ya magurudumu hayo, na boila iko juu kabisa. Kwenye reli, kikienda polepole shambani, hilo halikuwa na shida. Juu ya lori linaloinama kwenye bega la barabara, au linalopanda tuta kwa gurudumu moja kabla ya jingine, kinataka kulala ubavu. Kichwa kidogo kinahitaji kuegemezwa pembeni kwa nguzo au fremu ya chuma pande zote mbili, pamoja na minyororo. Minyororo peke yake inakivuta chini. Haikipi mguu mpana.

Vikubwa vina rehema moja: vinagawanyika. Garratt, aina ya vile vichwa vya daraja la 59, kwa asili ni vipande vitatu, yaani mtambo wa mbele, boila na kibanda katikati, na mtambo wa nyuma, vilivyounganishwa kwa egemeo mbili ambazo ziliuwezesha mwili mrefu kujikunja kwenye kona. Atakayelazimika kuipeleka moja barabarani afuate maungio hayo. Vichwa vya kawaida vitenganishwe na tenda, lile behewa la nyuma la maji na makaa au mafuta. Kibanda cha dereva, bomba la moshi na wavu wa mbele wa kusukumia ng'ombe vikiweza kufunguliwa, vifunguliwe, maana sentimita thelathini za kimo ndizo mara nyingi zinazoamua kama utapita chini ya waya au la. Kila kinachofunguliwa kipigwe picha kabla, kipigwe chapa ya namba, na boliti zake zitiwe kwenye mfuko wake wenye namba hiyohiyo. Vibao vya shaba vyenye jina na namba, filimbi, na saa za kupimia mvuke viondoke siku ya kwanza kabisa na kufungiwa ndani. Njiani vitaibiwa, sisemi huenda.

Lakini kuna kitu kimoja usikifungue mwenyewe. Boila nyingi za zama zile zilifunikwa kwa asbesto chini ya mabati ya nje. Bati likiwa limeoza, mtikisiko wa safari unaipeperusha ile sufu, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Pata mtu aliyeidhinishwa aipime. Ikithibitika, iondolewe na wenye mavazi na vifaa vya kazi hiyo, au ifungwe vizuri kwa nailoni nzito kabla mtu yeyote hajagonga nyundo pale. Vijana wa kupakia wasiambiwe wafunge leso puani. Hiyo si kinga.

Sasa kupakia. Mtu akiniuliza ni sehemu gani ya safari aiogope zaidi, nitamwambia mita ishirini za kwanza na mita ishirini za mwisho. Barabarani lori linakwenda polepole, kuna msafara, kila mtu yuko macho. Kwenye uwanja wa kupakia watu wamekaribiana, kelele ni nyingi, kila fundi ana rai yake, na chuma kiko hewani au kwenye mteremko.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kreni. Kreni moja yenye uwezo wa kutosha ni bora kuliko mbili zinazosaidiana, maana kreni mbili zikinyanyua mzigo mmoja, ile inayochelewa kidogo humwachia mwenzake uzito ambao hakuupangiwa. Ikilazimu mbili, awepo mtu mmoja wa kutoa ishara, mmoja tu, na madereva wote wawili wamwone. Namba iliyobandikwa ubavuni mwa kreni isikudanganye: kreni ya tani 100 haibebi tani 100 ila mkono wake ukiwa karibu kabisa na mwili wake. Kadiri mkono unavyonyooka kwenda mbali, uwezo unashuka vibaya, na jedwali lililo ndani ya kibanda ndilo linalosema kweli. Chini ya miguu ya kreni patandikwe magogo mapana au sahani za chuma. Uwanja wa stesheni ya zamani una mashimo yaliyofukiwa, makaro, na misingi ya matangi ambayo hakuna anayeikumbuka. Waulize wazee waliofanya kazi pale, kisha pima hata hivyo. Na mkanda wa kunyanyulia upite chini ya fremu, mahali ambapo fundi wa reli ameonyesha, kamwe usipite kwenye boila, wala kwenye zile fito za chuma zinazounganisha magurudumu.

Njia ya pili ni kuweka reli juu ya trela, kuziunganisha na reli za chini kwa mteremko, na kukivuta kichwa kwa winchi. Mimi naipendelea kwa vichwa ambavyo magurudumu yake bado yanazunguka, kwa kuwa muda wote kichwa kinakaa juu ya miguu yake. Ila mteremko uwe mrefu na wa taratibu. Kichwa chenye magurudumu mengi katika fremu isiyopinda kikifika pale mteremko unapokutana na sakafu ya trela, magurudumu ya katikati hubeba uzito wote na ya mwisho huning'inia hewani. Hapo ndipo kinapotoka nje ya reli. Kumbuka pia kuwa kichwa kilichokufa hakina breki. Breki zake zilitegemea mvuke, ombwe au hewa iliyoshindiliwa, na ile ya mkono mara nyingi iko kwenye tenda uliyoitenganisha. Kwa hiyo ziwepo winchi mbili, moja ya kuvuta na moja ya kushikilia nyuma, na watu wawili wa kuweka kabari za mbao ngumu nyuma ya magurudumu kila hatua. Waya wa winchi ukikatika hurudi kwa kasi ya kuweza kumuua mtu. Hakuna anayesimama kwenye mstari wake, hakuna anayeuruka, na wapiga picha wakae mbali. Beringi zitiwe mafuta siku kadhaa kabla, si asubuhi hiyo.

Kikishapanda, watu hupiga makofi, na hapo kazi ya kufunga hufanywa kwa haraka kwa sababu jua linakwenda. Naomba sana, laleni. Fungeni kesho.

Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo zinataka vifungo viweze kuzuia nguvu ya asilimia 80 ya uzito kuelekea mbele, na asilimia 50 kuelekea pembeni na nyuma. Kwa kichwa cha tani 50, hizo ni tani 40 zinazotaka kuruka kumfuata dereva anapokanyaga breki. Hesabu hiyo ifanyeni kwa karatasi, mnyororo kwa mnyororo, mkitumia uwezo uliopigwa chapa kwenye kibandiko chake. Mnyororo usio na kibandiko hauhesabiwi. Ule unaoshuka wima hauzuii chochote kwenda mbele; kinachozuia ni ule uliolala, unaovuta kwa nyuma. Chuma juu ya chuma huteleza, zaidi kikiwa na mafuta au mvua, hivyo magurudumu yazuiwe kwa vizuizi vilivyochomelewa kwenye trela, sio kwa kabari za kugonga tu. Minyororo ishike fremu. Na kuna siri ambayo mafundi wa malori wasiozoea reli hawaijui: kichwa kimekaa juu ya springi. Ukiifunga fremu yake kwa nguvu bila kuzituliza springi, shimo la kwanza litazibonyeza, minyororo italegea kwa nukta moja, na nukta hiyo inatosha. Jazeni nafasi kati ya masanduku ya beringi na fremu kwa vipande vya chuma au mbao ngumu, ili mwili na magurudumu viwe kitu kimoja.

Njia ipitiwe yote kabla, na mtu aliye na fimbo ya kupimia na daftari, akiwa na gari dogo, akisimama kila waya, kila daraja, kila kalavati, kila kipilefti. Nyaya za umeme hulegea mchana wa joto, kwa hiyo kimo alichokipima alfajiri sicho cha saa nane. Lobedi, yaani trela la sakafu ya chini, ina tumbo lililo karibu na ardhi. Tuta ambalo basi linaliruka bila abiria kuamka linaweza kuligotesha katikati, likabaki limening'inia. Mahali pa namna hiyo mbaya kuliko pote ni pale barabara inapovuka reli.

Tarehe 6 Januari 1968, huko Hixon, Staffordshire, trela lililobeba transfoma ya tani 120 lilikuwa likivuka reli kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole. Kivuko kilikuwa cha vizuizi vya kujiendesha vyenyewe, vilivyotoa sekunde 24 tu kati ya onyo na treni. Trela lilihitaji muda zaidi ya huo. Simu ya kumpigia mwongoza treni ilikuwepo hapohapo, na msafara ulikuwa na polisi, lakini hakuna aliyepiga. Treni ya kutoka Manchester kwenda London ikaligonga, watu 11 wakafa. Haukuwa mzigo wa kichwa cha treni, lakini uzito na mwendo ni uleule, na vivuko vyetu vingi havina hata kizuizi. Wasiliana na shirika la reli siku kabla, pata jina la mtu wa stesheni iliyo karibu, na siku yenyewe usiruhusu gurudumu la mbele liguse reli mpaka ameahidi kwa kinywa chake kuwa njia imefungwa.

Miteremko nayo. Kitonga nchini Tanzania, au kushuka Mai Mahiu nchini Kenya, ni mahali ambapo hata malori halali huungua breki. Kama kuna njia nyingine, hata ya kilomita mia zaidi, ichukue. Kama hakuna, liwepo gari la pili la kushikilia nyuma, gia iwe ndogo tangu juu kabisa, na mfike hapo asubuhi breki zikiwa baridi. Msisafiri masika. Bega la barabara lililolowa linaonekana zima mpaka linapokanyagwa.

Halafu kuna watu. Kichwa cha treni kikipita mjini, kila mtu anataka kukiona, na furaha hiyo ni haki yao. Bodaboda watapenya kati ya trela na gari la ulinzi, watoto watakimbia ubavuni, mtu atadandia apigwe picha. Wapeni taarifa viongozi wa mitaa siku mbili kabla, pangeni mahali pa kusimama ambapo wananchi wanaweza kukitazama kwa nafasi, na kwingine kote msafara usisimame. Vibali vya mzigo usio wa kawaida, bima inayotaja kupakia na kushusha kwa maneno yake, na hati ya umiliki ya kichwa chenyewe viwe ndani ya gari la kwanza. Vichwa vingi vilivyoachwa porini bado ni mali ya umma, na kushikiliwa kwenye mizani ukiwa na mali usiyoweza kuithibitisha ni kuliacha trela barabarani usiku kucha.

Mapema kabla ya yote haya, teueni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema simama. Asiwe mfadhili, asiwe dereva, asiwe mtu anayelipwa kwa wakati wa kufika. Akisema simama, hakuna mjadala. Baada ya kilomita kumi za kwanza asimamishe msafara, akague kila mnyororo, kisha arudie kila baada ya saa moja na kila baada ya mteremko.

Na huko mnakokwenda, reli za kukipokea ziwe zimelazwa, mataruma yameshindiliwa, na mafundi wa kupima ardhi wameondoka, kabla lori halijawashwa huku. Kichwa kinachofika jioni na kukuta shimo la msingi bado linachimbwa kitashushwa pembeni, juu ya udongo, kwa ahadi ya kurudi wiki ijayo. Mvua moja tu, upande mmoja unazama, na kreni iliyokuwa hapo imesharudi mjini.